Mzigo wa Alfajiri

Mume wangu alirudi kutoka safari ya Kigoma siku ya Ijumaa, akaweka begi lake mlangoni, akaona mwanga wa mchana ukiingia nyumbani kwake mahali ambapo Jumatatu palikuwa na tofali. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Mama, nani amevunja ukuta?" Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mkekani akipepeta karanga. Akajibu kabla sijafungua mdomo: "Muulize mkeo. Mimi nimeambiwa wanaita baridi."

Ni kweli, tulikuwa tunaita baridi. Nataka kusimulia ilivyoanza, ilichotugharimu, na jinsi mama mkwe, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alivyotuonyesha jambo ambalo mimi na mwanangu tulikuwa tukilitafuta kwa nyundo na patasi.

Tunaishi Isevya, hapa Tabora mjini. Mimi ni Mzaramo, mzaliwa wa Bagamoyo. Mume wangu ni Mnyamwezi na kazi yake ni kwenye treni. Utani hauishi nyumbani kwetu, maana Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakiteremka pwani na pembe za ndovu na kupanda tena na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mama mkwe hupenda kuwaambia wageni kwamba babu zake walikwenda Bagamoyo kwa miguu wakarudi na vitambaa, lakini mwanawe alikwenda kwa treni akarudi na mimi, na mpaka leo hajajua nani alipata faida.

Kazi yangu ni kuhariri video: harusi, sendofu, maulidi, mahafali ya shule. Mpiga picha huniletea kadi za kamera, mimi hukata, hupanga, huweka muziki na rangi, kisha huiachia kompyuta kazi ya mwisho, ile tunayoiita kurenda, ya kuunganisha vipande vyote viwe filamu moja. Hapo ndipo mashine inapobeba mzigo wake mzito. Filamu ya harusi yenye urefu wa saa 3 ilikuwa inachukua muda wa saa 9 kurenda, na muda wote huo siwezi kuifanyia kompyuta kazi nyingine.

Kompyuta yenyewe ni ya mtumba. Ndani ya boksi lake, lile ambalo wengi huku hulitaja kwa jina la sipiyu, kuna prosesa aina ya Intel Core i5-2500K, iliyoingia sokoni mwaka 2011. Ni ya siku nyingi, lakini ina sifa moja inayopendwa na vijana: kiwanda hakikuifunga kasi yake. Imepangiwa gigahezi 3.3, na mwenye kujua njia anaweza kuingia kwenye mipangilio ya ndani akaipandisha zaidi ya hapo. Mwanangu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha tatu, alijua njia. Julai, wakati wa likizo, nikiwa na filamu ya harusi iliyotakiwa Jumapili, nilimpa ruhusa mwenyewe. Akaipandisha hadi 4.5, na kazi ya saa 9 ikakaribia saa 7.

Kasi ilikuwa imepanda kwa zaidi ya theluthi moja. Lakini ili mashine isikwame katikati, ilibidi aiongezee pia volti, kutoka 1.2 hadi 1.35, na gharama ilikuwa hapo. Joto la prosesa hukua sambamba na kasi, lakini kwa upande wa volti hukua kwa mraba wake. Ukizidisha pamoja, unapata ongezeko la joto la zaidi ya asilimia 70 kwa ongezeko la kasi la asilimia 36. Mpagazi wa zamani alibeba kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Ukimwongezea nusu frasila begani, jasho lake haliongezeki kwa kipimo hicho tu, kwa sababu umemsogeza karibu na mahali pa kuanguka.

Chumba changu cha kazi kina paa la bati na dirisha moja. Usiku tukilifunga kwa ajili ya usalama, hewa ya ndani ilikuwa nyuzi 28 na prosesa ilisoma 92. Prosesa hii ikikaribia nyuzi 98 hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na ikifanya hivyo faida yote ya kuipandisha hupotea. Upande wa pili wa ukuta huo huo ilikuwa Julai ya Tabora. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, anga la kipupwe halina wingu, na ardhi hupoteza joto lake mara jua linapozama. Saa 10 alfajiri nilitoka na kipimajoto cha vifaranga wa mama mkwe, kikasoma 15.

Mwanangu alikitazama kipimajoto kile kwa muda mrefu. "Mama," akasema, "feni haitengenezi baridi. Inahamisha joto tu."

Alikuwa amesema kweli, na ndiyo kanuni yote ya jambo hili. Feni huipa prosesa hewa iliyopo, na prosesa hukaa juu ya joto la hewa hiyo kwa pengo karibu lile lile. Kama pengo ni nyuzi 64, hewa ya 28 inakupa 92, na hewa ya 15 inakupa 79. Nyuzi 13 zilikuwa zimelala uani bure, na sisi tulikuwa tunatafuta fedha za kununua feni kubwa zaidi.

Akaniambia kuwa wakubwa wa dunia hutumia hewa baridi ya nje. Facebook ilifungua kituo chake cha kompyuta Luleå, kaskazini mwa Sweden, mwaka 2013, kwa sababu hewa ya nje kule ni baridi sehemu kubwa ya mwaka na inaweza kupoza mashine bila mitambo mikubwa ya kupozea. Akaniambia pia habari ya New Mexico, Marekani, jimbo kame lenye vumbi kama letu. Huko kampuni ya Intel ilichukua seva zipatazo 900 mwaka 2007 na 2008, nusu ikaziweka kwenye ubaridi wa kawaida na nusu ikazipulizia hewa ya nje kwa muda wa miezi 10, ikichujwa kidogo tu. Seva zilifunikwa na vumbi, lakini zilizoharibika zilikuwa asilimia 4.46, wakati katika kituo chao cha kawaida zilikuwa 3.83. Nilisikia zile namba mbili nikaridhika. Lile neno la vumbi nililiacha lipite, na ningelishika lingeniokolea siku nne.

Jumatatu tulinunua bomba la plastiki la inchi 4. Mwanangu akatoboa ukuta wa tofali za kuchoma kwenye kimo cha kiuno, upande wa kusini mashariki unakotoka upepo wa kusi. Akafunga feni mbili kutoka kwenye kompyuta zilizokufa kwenye mdomo wa bomba, akaziunganisha na pawa saplai ya peke yake, akaelekeza bomba ubavuni mwa boksi. Usiku huo prosesa ilisoma 80. Jumanne 79. Nililala nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua kisima uani kwake.

Kwenye kona ya chumba hicho kulikuwa na katoni ya mama mkwe yenye vifaranga 40 wa wiki moja. Alikuwa amewaweka pale tangu mwanzo wa Julai kwa sababu chumba changu ndicho kilichokuwa na joto kuliko vyote, na sababu ya joto hilo ilikuwa kompyuta. Hili sikulifikiria. Tulilitazama joto lile kama adui wa nyumba nzima, kumbe kulikuwa na wengine waliokuwa wakiishi kwa ajili yake.

Bomba halikushika vizuri ubavu wa boksi. Hewa iliyovuja ilishuka sakafuni, maana hewa baridi ni nzito, ikatambaa mpaka kwenye katoni. Alhamisi alfajiri mama mkwe aliingia kuwapa maji akakuta wamerundikana kwenye pembe moja, kila mmoja akitafuta kuingia chini ya mwenzake. Kifaranga wa wiki moja anahitaji nyuzi 30 na zaidi. Kumi na mmoja walikuwa wamekufa, wale wa chini ya rundo, kwa kukosa pumzi.

Mama mkwe hakusema kitu. Aliwatoa mmoja mmoja akawaweka kwenye ungo. Mimi nilipiga magoti palepale nikamwomba radhi, na ninaendelea kuona kuwa radhi ile ilikuwa ndogo kuliko kosa. Fedha za vifaranga wale zilikuwa za asali yake, aliyouza ndoo kwa ndoo kutoka Sikonge. Akaniinua mkono. "Mkamwana," akasema, "aliyekufa amekufa. Waliobaki tuwapeleke wapi?"

Mwanangu, kwa uchungu, alitaka kurekebisha siku hiyo hiyo. Akasema hewa inayotoka nyuma ya boksi ni ya moto, tuipeleke kwenye katoni. Taa ya kulelea vifaranga ni wati 100, na mashine yetu ikirenda hutoa zaidi ya hapo. Tukapima. Hewa ya kutokea ilikuwa nyuzi 22. Joto lilikuwa jingi kweli, lakini feni zilikuwa zimelitawanya ndani ya hewa nyingi, likawa vuguvugu lisilomfaa kifaranga. Mama mkwe aliwahamishia jikoni, akaweka makaa ndani ya chungu chenye matundu katikati yao, kama alivyofundishwa na mama yake. Jioni wale 29 walikuwa wametawanyika wakidonoa.

Tungeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini filamu ilitakiwa Jumapili na nilitaka kuirudia baada ya kusahihisha sauti, ingawa hotuba moja ilikuwa imebaki. Waswahili husema mkamia maji hayanywi. Alhamisi usiku tuliifunga nafasi iliyokuwa ikivujisha hewa, tukaanza tena. Saa 10 na nusu alfajiri kazi ilikwisha na kompyuta ikajizima yenyewe kama nilivyoipangia. Zile feni za bomba hazikuzimika, kwa kuwa zilikuwa na umeme wao. Zikaendelea kuisukumia baridi mashine ambayo haikuwa na joto tena la kujitetea. Kufikia saa 12, bati la boksi lilikuwa la baridi kama tumbo la mtungi.

Jikoni, mlango wa pili tu, sufuria ya maharage ilikuwa inachemka pamoja na maji ya kuogea. Nilifungua mlango kuingia kazini, na mvuke ukaingia pamoja nami.

Mtu wa pwani hakupaswa kusahau. Kwetu Bagamoyo chupa ya soda ikitolewa kwenye friji hutoka jasho kabla hujaifungua, kwa sababu hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi huangusha maji yake. Hewa kavu ya Julai ya Tabora ilikuwa imenisahaulisha. Hewa baridi inapopita kwenye mashine ya moto haina hatari hiyo, maana ikipata joto huzidi kuwa kavu. Hatari huja mashine ikiwa imepoa kuliko chumba, na chumba kikaingia mvuke. Nilibonyeza kitufe, feni ikazunguka mara moja ikasimama. Nikafungua ubavu wa boksi. Matone madogo yalikuwa yamejipanga juu ya vyuma kama umande kwenye majani ya mwembe, na katikati ya mapezi ya kupozea kulikuwa na utando wa kijivu. Lilikuwa vumbi la uani, tunaloliamsha kila asubuhi kwa ufagio, likiwa limechanganyika na masizi ya jiko la mkaa ambalo mama mkwe huliwasha nje, hatua chache tu kutoka kwenye tundu letu.

Ndivyo mume wangu alivyotukuta Ijumaa ile. Ukuta una tundu, kompyuta iko juani imelazwa juu ya kanga, vifaranga wamepungua, na mkewe hana la kujitetea. Alikaa mkekani kando ya mama yake, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ukuta nitauziba. Lakini kwanza mwambieni mama shida ilikuwa nini hasa."

Nikamweleza mama mkwe kwa maneno yangu: mashine ina kazi nzito, kazi nzito inaleta joto, mchana bati linachoma, usiku nje kuna baridi, tukataka kuiingiza ndani.

Akaacha karanga. Akasema yeye alizaliwa ndani ya tembe, nyumba ya paa bapa la udongo na kuta nene, kama lile la Kwihara ambalo wanafunzi hupelekwa kulitazama kwa sababu Livingstone alikaa humo mwaka 1872, kuanzia Stanley alipoondoka Machi mpaka wapagazi walipofika Agosti. Katika tembe joto la mchana huchelewa kuingia, maana udongo hulishika njiani. "Bati halishiki kitu," akasema. "Jua likitoka linaungua, likizama linaganda. Sasa ninyi mna nyumba ya bati, na mnaipa kazi ya tembe."

Halafu akatuambia habari ya babu yake, aliyebeba mizigo kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Msafara uliamka gizani. Kirongozi alitangulia mbele, na kila mtu alikuwa na mzigo begani kabla jua halijaonekana. Kufika adhuhuri, au kabla yake, mizigo ilikuwa chini, watu wako kivulini, moto umewashwa. Mwendo wa alasiri, uliokuwa ukiitwa terekeza, ulikuwepo, lakini ulikuwa wa dharura, kwa mfano pale msafara ulipopaswa kuvuka nchi isiyo na maji. Aliyeufanya kuwa desturi aliwazika wapagazi njiani.

"Babu hakuibeba baridi," mama mkwe akasema. "Aliamka akaikuta. Mzigo mzito ulikuwa wa alfajiri. Hiyo mashine yenu mnaipa mzigo saa ngapi?"

Hatukuwa na jibu zuri. Nilikuwa naanza kurenda wakati wowote nilipomaliza kuhariri: saa 8 mchana, saa 11 jioni, na mara nyingi mashine ilikuwa katikati ya mzigo wakati bati lingali na joto la jua. Tulitumia nguvu zetu zote kwenye namna ya kuihamisha baridi. Saa ya kuanza kazi, ambayo haina gharama hata ya shilingi moja, hatukuigusa.

Kompyuta ilikauka siku nzima. Jumamosi asubuhi mwanangu aliisafisha kwa brashi ya rangi iliyo mpya, akabadilisha ile dawa nyeupe ya kupitishia joto kati ya prosesa na mapezi, akairudisha kwenye kasi ya kiwandani. Ikawaka. Filamu ya ile harusi ilikuwa tayari kwenye diski na wenyewe wakaipata Jumapili, ingawa nilimweleza bi harusi kwa nini sauti ya hotuba moja haikusahihishwa, na sikumdai fedha ya sehemu hiyo.

Ukuta ukazibwa. Wiki iliyofuata mume wangu mwenyewe akatoboa tundu jingine, juu, chini ya upenu, upande usio na jiko. Aliweka wavu wa dirisha, na ndani yake kitambaa cha kanga kuukuu ambacho hufuliwa kila Jumamosi. Ukiona rangi ya maji ya kukifulia ndipo unapojua kilichokuwa kikiingia ndani ya mashine. Feni za bomba sasa zinatumia umeme wa kompyuta yenyewe, kwa hiyo hulala na kuamka pamoja nayo. Mlango wa jikoni hufungwa sufuria zikiwa motoni.

Mwanangu akateremsha kasi hadi gigahezi 4.0, ambayo prosesa yetu inaimudu bila kuongezewa volti yoyote. Ule mraba wa volti ukatutoka mabegani. Kazi ya saa 9 inachukua saa 8 kasoro kidogo, na tunaianza saa 4 usiku, mji unapoanza kupoa, ikamalizika kabla ya saa 12 asubuhi. Katika usiku wa Julai prosesa haikuvuka 65. Tulipoteza karibu saa moja ambayo hakuna mteja aliyewahi kuiulizia, maana wote wamelala.

Oktoba kipupwe kilipokwisha, na jua la kabla ya mvua likaanza kuchoma mchanga wa Tabora, mwanangu aliirudisha mashine kwenye 3.3 bila kuambiwa. Mara moja tu nimemwomba airende mchana, kwa ajili ya msiba, familia ilipohitaji picha za marehemu kabla ya maziko. Aliitazama saa, akalitazama bati, akasema, "Hii ni terekeza, mama." Nikasema ndiyo. Akafungua madirisha yote, akakaa kando ya mashine mpaka mwisho akiisomea joto lake.

Mama mkwe ameleta vifaranga wengine, 50 safari hii, nao wako jikoni na chungu chao. Lakini ameanza desturi moja. Akiamka alfajiri kuwasha moto hupitia kwanza chumbani kwangu, anaweka kiganja nyuma ya boksi na kusikiliza hewa inayotoka. Ikiwa bado ni vuguvugu hufunga mlango taratibu. "Wako njiani," huniambia kupitia pazia. Ikiwa boksi limenyamaza, huniamsha kwa salamu ya kwao, "Mwangaluka," halafu huongeza neno moja, nami najua naweza kuamka.

"Wamefika."